Ng'ombe Wasio na Nundu

Kwa miaka saba aliyonifundisha kuchora kwa rangi za mafuta, Mpishi alihukumu kazi yangu kwa maneno mawili tu: "mbichi" na "umeunguza". La tatu, "imeiva", nililisikia likiambiwa sufuria, likiambiwa ndizi, na siku moja likiambiwa jipu la binti yangu. Kwangu halikuwahi kufika.

Sikuwa na kipaji, na yeye hakunichagua kwa kipaji. Alinichagua kwa kukaa. Wenzangu wa Kaloleni, Kisumu, siku ya Jumapili walikwenda mpira, walikwenda ziwani kula samaki, walikwenda kusalimia watu ambao hawakuwa wagonjwa. Mimi nilikuwa natoa kiti nje ya mlango. Jua likinifuata, nakisogeza. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya wiki, na jioni nilirudi ndani nimechoka kama wasafiri wengine.

Mpishi alipita mbele yangu Jumapili tatu mfululizo bila neno. Ya nne akasimama.

"Karani," akasema, maana nilikuwa karani katika duka la mbao na rangi la Kalasinga mmoja mjini, "wewe unaweza kukaa."

Sikujua kama ananisifu au ananitukana.

"Nimewatazama vijana wote wa hapa. Hakuna anayeweza. Wewe umekaa tangu watu watoke kanisani."

"Ndiyo, Mzee."

"Njoo kwangu. Kuna kazi ya kukaa."

Alikaa chumba kimoja safu ya nyuma yetu. Mkewe na wanawe walikuwa kwao Usenge, naye asubuhi alipika katika nyumba moja ya wageni ya serikali. Kabla ya Uhuru alikuwa amempikia Memsahib mmoja kule juu kwenye nyumba za Wazungu. Huyo Memsahib alikuwa mchoraji. Kila alasiri alikaa barazani akinakili picha za wakubwa wa zamani kutoka vitabuni, na kila jioni Mpishi alimwoshea brashi. Akiosha, alitazama. Alipoondoka kurudi kwao, Memsahib alimwachia sanduku la rangi na barua ya kumsifia keki. Barua aliipoteza.

Nguo zake ni kitu ambacho sijawahi kukielewa. Alivaa koti jeupe la upishi, limefungwa vifungo mpaka kooni, hata Jumapili, hata wakati wa kuchanganya rangi nyeusi. Sikuwahi kuona tone juu yake. Mimi nilikuja na shati kuukuu, nikavaa aproni juu, nikakunja mikono, na bado mke wangu alinitoa rangi ya kijani ndani ya sikio.

Kila kitu alikijua kwa pua kwanza. Alinusa rangi kabla ya kuifinya, alinusa tapentaini kama mtu anayepima maziwa. Ukifika kwake ulikuwa huna haja ya kubisha hodi. "Karani, leo mmekula omena," angesema kutoka ndani, "na kitunguu kiliungua."

Mke wangu alichukia sana hilo la kitunguu.

Maarifa yake yote ya uchoraji aliyaweka kwa lugha ya jikoni, na sijawahi kukutana na mwalimu wa kueleweka zaidi, wala mwanafunzi aliyeelewa vizuri na kufanya vibaya kama mimi. Rangi ya kwanza, alisema, iwe nyembamba, ya tapentaini. Mafuta huja juu. "Ukianza na mafuta chini, ya juu yatapasuka kama uso wa ugali uliosahauliwa." Ukimaliza tabaka moja, liache. "Nyama ikitoka motoni hupumzishwa. Usiguse." Hilo la kutogusa nililishika mara moja. Nilipumzisha matabaka yangu kwa wiki, kwa mwezi, na mara moja kuanzia mavuno mpaka palizi.

Turubai tulitengeneza kwa magunia ya unga, yale ya kitambaa cheupe, yaliyopakwa gundi na chokaa. Gundi aliipika mwenyewe kwa kwato na ngozi ya ng'ombe, kutwa nzima, kwa moto mdogo. Safu yote ilinukia. Jirani wa mlango wa tatu alikuja na bakuli.

"Mzee, ni supu ya nini hiyo?"

"Ya picha."

Yule mama akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akarudi na bakuli lake. Tangu siku hiyo watoto wake waliniita Baba Supu.

Sasa picha yenyewe, ile niliyotakiwa kuinakili. Haikuwa ya rangi za mafuta. Ilikuwa chapa kwenye kadi ngumu, kubwa kama trei, imepakwa vanishi, ndani ya fremu isiyo na kioo. Ilitoka kwa Memsahib pia. Iliingia maji ya mvua pembeni, akataka kuitupa, Mpishi akaiomba na kuitundika jikoni mbele ya jiko lake la kuni. Aliyeichora ile ya asili alikufa miaka mia tatu iliyopita, Memsahib alimwambia. Kushoto kuna miti mikubwa. Katikati kuna kijito, na ng'ombe saba wanavuka kwenda kulia, ambako kuna mnara uliobomoka na milima ya mbali. Nyuma yao kuna mchungaji na fimbo. Na juu ya vyote hivyo mbingu, nusu nzima ya picha, ya rangi ya dhahabu iliyokolea, kama chai ya rangi ukiitazama kwenye jua.

Mpishi aliipenda ile mbingu kuliko kitu chochote nilichomjua nacho.

"Unajua ni saa ngapi pale?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Jioni."

"Jioni saa ngapi?"

Nikatafuta jua kwenye picha.

"Saa kumi na moja. Vyombo vya mchana vimeoshwa, chakula cha usiku hakijaanza. Hiyo ndiyo saa ya mpishi. Katika ile nyumba nilikuwa na nusu saa yangu kwa siku. Nilikaa kwenye kibao, nikawatazama hawa wakirudi nyumbani. Miaka kumi na moja."

Kisha akanieleza kazi, waziwazi, bila kuzunguka. Mchwa wameanza kula fremu. Wakimaliza mti wataingia kwenye kadi. Na macho yake yanafungwa. Kila jicho lina mtoto wa jicho, la kushoto limetangulia. Anataka picha hiyohiyo kwa rangi za mafuta, za kukaa, na anataka kuiona imemalizika kabla macho hayajafunga kabisa.

"Kwa nini usiichore wewe, Mzee? Wewe ndiye unayejua."

"Mimi nimeshachora."

Akatoa kifuniko cha bati cha biskuti. Juu yake kulikuwa na kitunguu kimoja, chekundu, ganda lake la nje limeanza kubanduka. Nilikitazama mpaka nikahisi macho yananiwasha. Hicho ndicho kitu pekee alichowahi kuchora maishani mwake. Nilimuuliza kwa nini hakuendelea.

"Nimeona vitunguu elfu na elfu. Ng'ombe nimeona nyama yao tu."

Hospitali walimwambia yale macho yanaweza kupasuliwa. Alikataa. Mtu aliyeshika kisu kila siku ya maisha yake, aliyeweza kumtoa tilapia mifupa huku anakuangalia usoni, aliogopa kisu cha mwenzake. Nilipomkumbusha habari ya hospitali alisema, "Chora, Karani," na nilijua maana yake.

Njia yake ya kunakili ilikuwa hii. Alivuta nyuzi za nyavu za samaki, zile nyembamba, alizoletewa kutoka Usenge, juu ya fremu, wima na kulala, mpaka picha ikawa vyumba vidogo vidogo. Turubai langu nalo likapigwa mistari hivyohivyo. Chumba kwa chumba, nihamishe ninachoona. "Unachoona," alirudia, "siyo unachojua. Unachojua kiache nje pamoja na viatu."

Nilishindwa. Nilipoona ng'ombe mkono wangu ulichora mbuzi. Basi akaigeuza picha chini juu, na turubai chini juu, akaniambia nisichore ng'ombe tena; nichore doa la kahawia lenye umbo la Uganda, na doa jeupe lenye umbo la kiatu. Ilisaidia. Tatizo ni kwamba nilikuwa nakwenda nayo nyumbani kumalizia, na nyumbani kulikuwa na mke wangu.

"Baba Atieno," aliniita kutoka mlangoni, mtoto mgongoni, "hao ng'ombe miguu juu wanakwenda wapi?"

"Ni njia ya kufundishia."

"Wataanguka mbinguni."

Mke wangu ni binti wa Awasi, wa boma lenye ng'ombe wa kutosha, na mtoto wa boma kama hilo huwa hatazami ng'ombe, hukagua. Nilipoigeuza picha ikasimama sawasawa, aliitazama muda mrefu. Nilidhani amevutiwa.

"Wamefanywa nini hawa?"

"Wamefanywa nini vipi?"

"Nundu ziko wapi?"

"Ni ng'ombe wa Ulaya, Mama Atieno."

"Hata wa Ulaya. Mgongo umelala kama meza. Huyu mweupe angeletwa kwa baba kama mahari, baba angemrudisha pamoja na aliyemleta."

Ng'ombe niliopeleka Awasi mimi walikuwa na nundu, ila hawakuwa na vitu vingine vingi, na si vizuri kuyafungua mazungumzo ya namna hiyo ukiwa umeshika brashi. Lakini maneno yake yaliniingia. Kila nilipowatazama wale ng'ombe niliona wagonjwa. Siku moja jioni, kwa roho safi kabisa, nikampa kila mmoja nundu. Nundu saba, nzito, za rangi nene iliyosimama. Nilizifanya vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, kwa sababu ndicho kitu pekee pale nilichokuwa nakijua.

Jumapili Mpishi alilisogelea turubai mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hii nini?"

"Nundu, Mzee."

"Ziko kwenye picha?"

"Hapana."

"Umeziona wapi?"

"Awasi."

"Haya. Nenda Awasi ukachore ng'ombe wa Awasi. Ukimaliza, urudi uchore hawa."

Akachukua kisu chake cha kuparia magamba ya samaki, akazikwangua nundu moja baada ya nyingine, polepole, bila kugusa mgongo. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Kisha akafuta kisu na kukirudisha mahali pake.

Ya saba ilibaki. Ilikuwa ya ng'ombe wa mwisho, aliye kivulini karibu na mchungaji. Hakuiona. Nilisubiri aione. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga, kwa sababu kama ningesema, ingekuwa nimemwambia na jambo la pili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa kwamba muda uliobaki si wa kupumzisha matabaka.

Ungedhani baada ya hapo nilikaza. Nilikaza, kwa kipimo changu. Mwaka ule nilifanya mbingu. Tajiri wangu dukani aliniuliza siku moja, "Karani, mafuta ya kitani unayochukua wewe yanatosha milango yote ya Kisumu. Nyumba yako ina milango mingapi?"

"Mmoja, Bwana."

"Mlango huo una bahati."

Ile dhahabu ilinitesa. Niliweka njano, ikawa kiini cha yai. Niliongeza kahawia, ikawa matope. Mpishi alininusia michanganyiko, alinionyesha jinsi ya kupaka tabaka jembamba la kahawia lenye mafuta mengi juu ya njano iliyokauka, mara tano, mara sita, kama unavyomwagia nyama mchuzi wake. "Mbichi," alisema. "Mbichi." "Umeunguza." Tulikwangua, tukaanza tena. Kisha Jumapili moja alisogeza uso, akarudi nyuma, akasogeza tena, hakusema kitu. Kwa Mpishi, kutosema kitu kulikuwa karibu na sikukuu. Mbingu yangu ilifanana na mbingu yake. Mke wangu mwenyewe alikiri kwamba kama ng'ombe wangetolewa, ingekuwa picha nzuri.

Wiki iliyofuata kipande cha juu cha fremu kikadondoka. Mchwa walikuwa wamekila chote, wakabakiza rangi ya nje. Nilikuwa peke yangu mezani. Mpishi alikuwa anachochea jiko la makaa. Nilipoinua kile kipande nikaona ukanda wa kadi uliokuwa umefichwa chini yake, mpana kama kidole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ulikuwa wa buluu.

Buluu safi, kama sare ya shule siku ya kwanza ya muhula, na kipande cha wingu jeupe.

Nilikaa nikiutazama. Yeye hakuweza kuuona kutoka pale alipo; pengine hata kwa karibu asingeuona. Kama ningerudisha kipande kile kwa gundi, mbingu yangu ingekuwa imekwisha, na kazi yote ingemalizika kabla ya Krismasi. Sijivunii muda niliotumia kulifikiria hilo.

"Mzee," nikasema, "chini ya fremu mbingu ni ya buluu."

Aliacha jiko. Hakuuliza mara mbili. Alichukua mkate, akatoa ule laini wa ndani, akaufinyanga kama mtu anayetaka kuvua samaki, akasugua sehemu ndogo ya ile dhahabu, mahali pasipozidi kifungo cha shati. Mkate ukawa mweusi. Pale aliposugua pakawa buluu. Akaupeleka mkate puani.

"Samli," akasema. Akanusa tena. "Samli yangu. Na moshi."

Alikaa kwenye kibao chake. Koti lake lilikuwa jeupe kuliko kawaida, au ndivyo nilivyoliona.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nimeipika."

Nikasema la kijinga. "Lakini imependeza, Mzee."

"Hawarudi," akasema. "Ni asubuhi. Ndiyo kwanza wametoka."

Nilidhani ataniruhusu niiache ilivyo. Sisi wawili tulikuwa tumeipenda ile jioni, mimi kwa sababu nimeitolea jasho, yeye kwa sababu ilikuwa nusu saa yake. Lakini alikuwa mtu wa unachoona-siyo-unachojua, na sasa alikuwa amekamatwa kwa kanuni yake mwenyewe. Aliinuka, akainua kifuniko cha sufuria, akakirudisha bila kutazama ndani.

"Geuza mbingu," akasema. "Anzia kushoto."

Nikaanza kushoto. Na hapa ndipo ninapopaswa kusema jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisimulia kama kichekesho, na watu wamecheka, na mimi nimecheka nao. Sikumaliza. Hakuna kilichonizuia. Mvua zilikuja, nikasema rangi haitakauka. Mtoto wa pili alizaliwa, nikasema nyumba haina nafasi. Zaidi ya yote, kila nilipofunika kipande cha dhahabu yangu kwa buluu moyo uliniuma, nikaweka brashi chini na kutoa kiti nje. Niliipumzisha picha ile kuliko nyama yoyote iliyowahi kupumzishwa. Ilifika katikati, juu ya yule ng'ombe wa nne, ikasimama.

Yeye hakunisukuma. Aliuliza tu kila Jumapili, "Imefika wapi?" nami nikajibu, "Inasogea, Mzee." Aliuliza akinitazama begani badala ya usoni. Siku moja alimimina chai pembeni ya kikombe. Siku nyingine alikuja na kitambaa kidoleni. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alikuwa amejikata. Wiki hiyohiyo alikwenda mwenyewe kule kwenye nyumba ya wageni, akaweka aproni juu ya meza, akaaga.

Mwanawe alikuja kutoka Usenge kumchukua. Walifunga vitu vichache, kitunguu kikiwa juu kabisa. Chapa ya Memsahib aliniachia mimi.

"Ya kumalizia," akasema. "Ukimaliza, ulete."

Mchwa wa nyumbani kwangu walikuwa na bidii kuliko mimi. Nilipokumbuka kuitazama ile chapa, iliyosimamishwa nyuma ya kabati, niliinua mavumbi yenye pembe nne. Ikabaki turubai langu peke yake: kushoto buluu, kulia dhahabu.

Nilikaa miaka minne bila kwenda Usenge. Nilisema barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, walipita kila wiki na magunia yao, wakafika Kisumu wakiwa na nguvu za kugombana. Mmoja wao ndiye aliyeniletea ujumbe. Alisimama mlangoni, akanitazama nilivyokaa, akasema, "Wewe ndiye Karani. Mzee alisema nitakukuta umekaa. Amesema nikwambie mwanga umebaki kidogo."

Mke wangu alisikia.

"Utakwenda lini?"

"Sijamaliza, Mama Atieno."

"Sikuuliza kama umemaliza."

"Nitampelekea nini? Mbingu mbili?"

"Basi nitaipeleka mimi. Nitamwambia nimeichora mimi, na ataniamini, kwa sababu ng'ombe mmoja ana nundu."

Kumbe aliiona siku zote.

Nikaenda. Nilifika Usenge mchana, picha imefungwa ndani ya shuka letu la kitanda, mimi nimefungwa ndani ya vumbi. Omena walikuwa wameanikwa chini, ufukwe mzima ukimetameta, na nilipita katikati yao kwa uangalifu wa mtu ambaye amezoea umbali wa kutoka kiti hadi mlango. Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya jikoni, koti jeupe, vifungo mpaka kooni.

"Tapentaini," akasema kabla sijafungua mdomo. "Karani. Umetembea peke yako?"

"Peke yangu, Mzee."

"Kaa basi, usije ukaanguka."

Mke wa mwanawe alileta maji na samaki. Tulikula. Aliniuliza habari za jirani wa bakuli, za jipu la Atieno, za kila mtu. Mimi nilisubiri aulize habari ya picha, yeye akasubiri niseme. Mwishowe nikafungua shuka.

"Mzee, nimechelewa."

"Lete."

Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa ya mtindi. Aliniambia anaona mchana na anaona kivuli, basi. Aliishika picha kwa kingo mbili, akaigeuzia kwenye jua, akaipitisha mbele ya uso wake polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akairudisha.

"Upande huu kuna mwanga," akasema. "Upande huu kuna giza. Kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema ni jua, ni kivuli cha paa.

"Upande huu ni asubuhi, niliigeuza ulivyosema. Huu bado ni ile jioni yetu. Sikumaliza, Mzee. Nilikuwa na miaka, nikakaa."

Aliiweka magotini, akaanza kuipitisha vidole. Miti. Kijito. Mgongo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vidole vilitembea juu ya ng'ombe wangu mmoja mmoja kama anayewahesabu wakiingia bomani, akirudi nyuma kuelekea kwa mchungaji. Kwa yule wa mwisho vikasimama. Vikazunguka. Vikabonyeza.

"Huyu ana nundu."

"Ndiyo, Mzee."

"Nilizitoa."

"Ulitoa sita."

Mkono ulibaki pale juu ya ile nundu kwa muda.

"Hukuniambia," akasema.

"Hapana."

"Uliniambia habari ya mbingu. Hii hukuniambia."

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, na sikujua kama ni hasira mpaka nilipoona mabega yanacheka. "Huyo wa Awasi aachwe," akasema. "Ametembea mbali." Kisha akauliza, "Wanakwenda upande gani? Wanatoka kwenye asubuhi au kwenye jioni?"

Ilinibidi niitazame. Nilikuwa nimeishi na ile picha miaka kumi na moja, na sikuwahi kujiuliza.

"Wanatoka kwenye asubuhi, Mzee. Wanakwenda kwenye jioni."

"Wanarudi, basi."

"Wanarudi."

"Usijisifu. Ulikuwa uvivu."

"Ulikuwa uvivu, Mzee."

Akamwita mke wa mwanawe, akamwuliza kama ule msumari wa kutundikia chekecheo bado upo, ule ulio mkabala na mafiga. Upo, mama akasema. Akamwambia aondoe chekecheo, atundike picha.

"Mzee," nikasema, "pale ndipo mnapokaushia samaki. Moshi utaiharibu. Ile ya buluu haitachukua muda—"

"Nyamaza, Karani. Moshi utamaliza."

Tuliingia. Mama yule aliitundika, akasogea pembeni. Mpishi alisimama mbele yake asione kitu, akavuta pumzi kwa pua, na akanipa kile kifuniko cha biskuti chenye kitunguu. "Hiki usikiweke karibu na jiko," akasema. "Hiki kilishamalizika."

Nilifika Kaloleni kesho yake. Mke wangu alikitazama kitunguu, akakipokea kwa mikono miwili, jambo ambalo si kawaida yake kwa vitu vitokavyo kwangu.

"Na picha?"

"Nimeiacha jikoni kwake."

"Jikoni inafanya nini?"

"Inaiva," nikamwambia, nikatoa kiti nje.